Chembe Ambayo Haikuonekana

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Mwalimu wangu amelazwa tena, na safari hii madaktari hawazunguki: ini limekwisha. Ulimi wake tu ndio haujaugua. Jana kaniambia mwandiko wangu unafanana na wa kuku mlevi.

Unaijua chembe yetu. Tangu sijaolewa, yeye na mimi tunaandika milinganyo inayosema kiini cha atomu kikivunjika, nishati kidogo huondoka na chembe ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mtambo wenu huko chini ya ardhi ndio pekee wa kuinasa, na nasikia mmemaliza uchambuzi. Sitaki takwimu. Niambie tu, ipo au haipo? Anataka kujua kabla hajafumba macho.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kimetulia, nashukuru. Mpe Mwalimu pole nyingi.

Sote tulitia saini kwamba hakuna neno litakalotoka kabla ya tangazo la Mei. Nikikudokezea wewe, mwenye nadharia yenyewe, kazi ya wenzangu wote itatiliwa shaka. Usinichukie. Vuta subira.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilimsomea Mwalimu barua yako, akacheka hadi akakohoa. "Ingekuwa hawajapata kitu, wangeficha nini?" Papo hapo akaagiza karatasi. Sasa ananitajia, nami naandika, sehemu ya pili ya nadharia, yote imesimama juu ya chembe ile. Dawa ya maumivu haitaki, eti inamvurugia hesabu. Mkewe alimsihi arudi nyumbani akae na wajukuu. Kamjibu hana nafasi. Mama wa watu anakaa kwenye benchi la nje na chupa ya chai, ananitazama nikiingia.

Kama ni bure, niambie nimzuie. Neno moja linatosha.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua umeshalisoma tangazo. Haipo. Tulipotafuta pote hamna kitu. Barua yako ya Aprili niliiandikia jibu, nikalichana, nikaliandika tena, nikalichana.

Simu hupokei. Mwalimu anaendeleaje? Niandikie hata matusi.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mimi naamka, nakula.

Siku ya tangazo Mwalimu alikuwa hai. Nilimwambia mwenyewe, asije akasikia kwa wengine. Akaomba grafu. Akaisogeza karibu na macho, akafuata mstari kwa kidole mpaka pale ulipotakiwa kupanda. Haukupanda. Akarudia.

"Wamefanya kazi safi," akasema. Kisha, "Mke wangu yuko nje?"

Nikamwambia amekwenda nyumbani kuoga.

"Mwite."

Maumivu yakamzidi kabla mkewe hajafika, na safari hii dawa hakuikataa. Mkewe alimkuta amelala. Akamshika mkono hadi asubuhi ya tatu. Hakufumbua macho tena.

Tumemzika. Makaburini nilimpa mjane mkono wangu, akaupita, akamshika aliyekuwa nyuma yangu.

Idara imenipa ofisi yake. Naingia, nakaa, sijui nihesabu nini. Wewe ulifuata sheria, sina la kukulaumu, na hilo halinisaidii. Usiniandikie kwa sasa.

Dada yako