Hoho Ambazo Sitaziona Zikiwa Nyekundu

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Mguu umepoa, au bado unaupaka mafuta tu na daktari hutaki kumwona? Huku Jinja miili yetu ni mizima. Moyoni nina hasira, na sina wa kumwambia ila wewe.

Unakumbuka nilivyokupigia simu nikifurahia kipande cha kulima nyuma ya nyumba yetu hapa kambi ya askari magereza? Tumehamishwa tangu niolewe mpaka vyombo vyangu vyote vina ufa. Nikasema safari hii napanda kitu cha mtu anayekaa. Nikaenda sokoni na mume wangu Wafula kununua miche ya pilipili hoho. Muuzaji alikuwa na aina mbili.

"Madamu, hii ya kijani iko mbio, unachuma haraka. Ile nyekundu iko tamu, lakini inataka mtu wa kungoja."

Nikataka nyekundu, kama zile ulizokuwa ukitukatia tukitoka shule, tukazila bila hata chumvi. Wafula akasema, "Chukua ya kijani." Nikamcheka, nikamwambia anawaza tumbo tu. Akanibebea miche ya nyekundu mpaka nyumbani.

Nimezilea, Mama. Nimezifungia vijiti, nimezimwagia majivu kuzuia wadudu, maji ya kuoshea mboga yote yameenda kwazo. Zikazaa nene, zinang'aa. Juzi moja ikaanza kushika wekundu ubavuni, nikamwita Wafula aje aone. Hakuitazama hata.

"Tunarudi Mbale," akasema. "Ijumaa."

Nikamuuliza amejua lini.

"Mbele ya kununua ile miche. Ulikuwa na furaha sana, mimi nikashindwa kusema."

Alijua! Alisimama pale sokoni akijua, akaniacha nichague. Tangu siku hiyo namwekea chakula mezani na kuondoka.

Na hapa kambini ukihama hung'oi kitu shambani, ni cha anayeingia. Jana alikuja kutazama nyumba mke wa afande anayechukua nafasi yetu, msichana mpole wa Budondo. Akainama kwenye hoho zangu, akauliza, "Dada, hii iko ya aina gani? Nachuma lini?"

Nikamwambia ni za kijani, wekundu ule ni dalili ya kuoza, akiingia tu azichume zote. Akanishukuru kwa mikono miwili. Nimejaribu kujuta, Mama, nimeshindwa.

Nisalimie kaka Simiyu na mkewe, na baba mdogo anayekulimia shamba. Shangazi, yule aliyeniomba nimwekee mbegu za nyekundu, mwambie asingoje. Zangu zitaliwa changa, na hoho changa haina mbegu ya kuota.

Ni mimi binti yako, nafunga mizigo tena,
Nekesa