Amina ya Makaburini

Muheza, 6 Februari 1977

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo na kifua kimepoa. Sisi huku wazima, isipokuwa mjukuu wako Nathanieli. Ametimiza miaka mitatu na hajatamka neno hata moja. Daktari kamchunguza: masikio yanasikia, ulimi hauna kasoro. Raheli, mke wangu, kila siku ni machozi. Amesikia, sijui kwa nani, uliyoyasema siku tulipomzika baba.

Mama, najua nilikuwa katibu wa kijiji, nikawahamisha watu kwenye mvua kwenda kijiji kipya cha ujamaa, na baba akafia kibandani huko. Lilikuwa agizo, sikulitunga mimi. Lakini wewe ulisema, "Paskali, utakayemzaa asikuite baba," na padre ndiyo kwanza amemaliza sala, basi watu wote wakaitikia Amina. Tafadhali, niandikie kwamba umeyafuta maneno yale.

Mwanao,
Paskali

Rangwi, 27 Februari 1977

Mwanangu Paskali,

Marahaba. Milele, amina. Kifua kimepoa, sasa magoti ndiyo yanayonisumbua. Unanieleza habari za agizo kana kwamba mimi ni mkuu wa wilaya. Mimi ni mama yako.

Nilisema kwa uchungu, na nimeungama mara nyingi. Padre anasema Mungu hafungwi na hasira za mjane. Nataka kumwamini, ila yeye si mtu wa huku. Wale watu waliitikia kwa mazoea tu, maskini, midomo ilikuwa bado kwenye sala. Lakini waliitikia, na tangu hapo neno si langu peke yangu. Barua haiwezi kulifuta. Mlete mtoto. Nitatia maji mdomoni nimpulizie, kama wazee wetu walivyofanya, nitamke baraka palepale makaburini, na walewale waseme Amina. Uje naye wewe mwenyewe. Naogopa, Paskali. Usichelewe.

Mama yako,
Jenoveva

Muheza, 20 Machi 1977

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti. Raheli anakuja na mtoto. Watalala Soni, asubuhi wapande lori la mboga likirudi tupu. Mimi kazi imenibana.

Wala nisikufiche: nawaogopa wale watu. Jirani yetu Abdallah, nilisimamia nyumba yake ikibomolewa, chungu kikiwa bado mekoni. Nitamtazamaje usoni? Wewe sema, wao waitikie. Mungu atasikia hata nisipokuwepo.

Mwanao,
Paskali

Rangwi, Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili 1977

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Raheli na mtoto wamefika salama, wanakusalimu. Mtoto ana paji la babu yake. Nilimkumbatia nikalia.

Jana baada ya misa niliwaita wote makaburini. Abdallah naye alikuja na kanzu yake, kama alivyokuja kumzika baba yako. Nikampulizia mtoto maji, nikasema, "Nathanieli, fungua kinywa, umwite baba yako Paskali, Mungu akubariki." Nikangoja.

Hakuna aliyeitikia, mwanangu. Nikarudia kwa sauti kubwa. Padre peke yake akasema Amina, halafu akawatazama watu, akainamisha kichwa.

Abdallah akanisogelea. "Mama Paskali, mimi sina kinyongo na huyu mtoto. Lakini Amina yangu aifuate Paskali mwenyewe. Aje atuombe radhi kwa mdomo wake." Wenzake wakasema ndivyo.

Usiseme wana roho mbaya. Ni neno moja tu wanalolitaka. Mtoto na mama yake watakaa kwangu mpaka uje. Njoo, nakusihi.

Mama yako,
Jenoveva

Muheza, 2 Mei 1977

Mama,

Shikamoo. Habari za afya? Mimi mzima wa mwili tu.

Nimelala na barua yako chini ya mto, na jibu ni lilelile. Siwezi kupiga magoti mbele ya kijiji kwa kazi niliyotumwa. Nikiomba radhi nitakuwa nimekiri kwamba nilimuua baba. Labda baada ya mavuno, watu wakishapoa. Mwambie Raheli anivumilie.

Paskali

Rangwi, 14 Agosti 1977

Mwanangu Paskali,

Sijui kama u mzima. Barua zangu mbili hukuzijibu, na mavuno yamekwisha.

Mtoto amesema.

Amezoea kumfuata Abdallah bustanini kwenye kabichi, na wakati wa kurudi Abdallah humbeba begani. Jana mimi na Raheli tulikuwa tunachambua maharage mlangoni. Walipotokea njiani, mtoto akamshika Abdallah masikio, akasema, "Baba." Wazi kabisa, sauti nzuri, nzito kidogo kama yako ulipokuwa mdogo. Akasema tena, akicheka.

Abdallah akamshusha upesi kama mzigo wa mtu mwingine. "Mama Paskali, Mungu shahidi, sikumfundisha mimi!" Raheli akaingia ndani akafunga mlango.

Mtoto akanijia mbio, akamwonyesha Abdallah kwa kidole, akasema, "Baba?" Akawa ananitazama, anangoja jibu. Nilitaka kumwambia huyo siye, baba yako yuko Muheza. Nikaogopa nikimkataza atanyamaza tena, na safari hii moja kwa moja.

Nikamjibu, "Ehe, mjukuu wangu. Baba."

Mama yako,
Jenoveva