Jina la Nyumbani

Bunia, Bigo, tarehe 14 Mei 2023

Yaya Ézéchiel, kaka yangu,

Siye tuko salama, na siku hizi njia ya Komanda inapitika. Asante kwa jumbe zako za sauti. Nimezisikiliza mpaka nikaelewa kuiandika ile programu ndogo ya Python inayokaa katikati, ambayo kila jibu la tovuti yetu ya kutafuta ndugu waliopotezana hupitia kwayo kabla ya kumfikia mtu.

Niliiandika ifute jina la kijiji kwenye kila jibu. Unajua sababu. Constant, mume wangu, watu wenye silaha walimshusha kwenye pikipiki kwa ajili ya kijiji kilichoandikwa kwenye kadi yake ya uchaguzi, na hakurudi tena.

Kisha Mama Scholastique akaja kutafuta binti yake. Akatazama orodha, akaniambia, "Bibiane, hapa iko Espérance saba. Wangu ni nani? Umetuficha vizuri mpaka siye wenyewe hatuonane."

Alisema kweli. Basi tukamwuliza kila aliyeandikishwa jina lake la nyumbani, lile alilopewa na bibi yake na lisiloandikwa kwenye kadi yoyote. Anayetafuta akiliandika sawasawa, programu inamfungulia kijiji na simu.

Mama Scholastique aliandika la mtoto wake kwa kidole kimoja. Jana walizungumza.

Ni weye uliyenifundisha, yaya, na ninakushukuru. Ukisali huko Ariwara, mtaje Constant, na mimi pia unikumbuke.

Mdogo wako,
Bibiane