Maji ya Moto na Chumvi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Mimi sijambo.

Jana sisi wa mwaka wa kwanza tulipewa fomu. Swali la kwanza lilikuwa: kwa nini ulichagua udaktari? Mengine yalitaka namba, moja mpaka tano, jinsi unavyoridhika na masomo. Nimejaza tano kote.

Binti yako

19 Februari

Dokta wangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, ila mtaa haunipi pumzi. Tangu nitundike kibao cha "Baba Daktari, Fundi Nguo", nikimpima mteja kiuno yeye ananieleza tumbo.

Jirani yetu Mama Mkaa, aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo, ana kidonda kwenye unyayo. Hakimuumi, lakini mwezi sasa hakifungi. Nilimwambia aende hospitali, akanijibu, "Foleni ya nini, na daktari nimembeba mwenyewe?" Tuandikie dawa.

Baba yako

26 Februari

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, nina mtihani. Mwambie aloweke mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni. Msalimie sana.

Binti yako

30 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa Mama Mkaa, amelazwa.

Aliloweka kama ulivyosema. Maji yalikuwa ya kuchemka naye hakuhisi kitu. Ngozi ilichunika kama soksi. Hospitali wamemkuta na kisukari, wanasema ndicho kilichoua hisia za miguu. Wamemkata vidole viwili.

Anasema nikupe asante kwa dawa.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima chini ya godoro.

Baba, sikujua. Tangu tufike hapa, katika mwili wa binadamu tumesoma mkono tu. Mguu ni muhula ujao. Maji ya chumvi nilikumbuka ulivyonikanda goti nilipoanguka. Ningeweza kuandika kwamba sijui, lakini nilikifikiria kile kibao nikaona haya.

Hata zile tano nilizojaza kwenye fomu ni uongo. Kila nikiingia darasani najiona mgeni aliyekosea mlango. Udaktari niliuchagua kwa sababu alama zilitosha, na siku ile matokeo yalipotoka ulicheka mpaka cherehani ikasimama. Fomu zimeletwa tena. Swali la kwanza nimeliacha wazi. Koti jeupe la udaktari ulilonishonea nalibeba kwenye mfuko, silivai mpaka nifike mlangoni mwa darasa.

Mwambie Mama Mkaa ukweli. Mimi sina uso wa kumwandikia.

Binti yako

11 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Kula, ulale.

Kibao nimekitoa. Nilikitundika mimi, hukuniomba. Wanagenzi wangu nawakataza kugusa mkasi kabla ya kupima, halafu wewe nikakusukumia kitambaa cha mtu ukate.

Mama Mkaa karudi. Nilimkuta kwenye magunia yake, mguu juu ya kigoda, nikamsomea barua yako yote. Lile la koti nilitaka kuliruka, akaniambia nisome vizuri. Akaja mteja, akampimia mkaa, mteja akaondoka. Nilikuwa nimeshainuka aliponiuliza huo mguu mnauanza lini. Nikasema muhula ujao.

"Basi asikimbie," akasema. "Mwambie wakifika mguuni, aje nimwonyeshe huu."

Baba yako