Kikapu cha Jirani

Marahaba, mjukuu wangu Mwajuma. Huku Kwashemshi tu wazima, ila mbuzi wa babu yako wamenimalizia mchicha wote.

Unauliza kwa nini akina mama wa mtaa ule huko Dar wanawafungia milango, ilhali wewe na wenzako mnawapelekea mboga bure. Sisi yalitukuta hayo hayo. Nilipokuwa msichana, mimi na mama yangu tulikuwa tukishusha vikapu vya mboga na maharage hadi kambi ya wakata mkonge. Mwanzoni walitushangilia. Halafu tukaanza kukuta milango imefungwa, huku moshi unafuka ndani. Mama akanuna: "Hawa wana maringo!"

Siku moja mwanamke mmoja akachungulia, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kikapu cha jirani hakirudishwi kitupu. Mimi nitaweka nini?"

Mama akaketi kizingitini. "Moto unao, chumvi unayo. Nipikie, nina njaa."

Tukala pale pale, mboga yetu, chumvi yake. Safari iliyofuata milango ilikuwa wazi, na kila jiko lilituita.

Sasa niambie, mjukuu wangu: mtaani hapo, ninyi mmeshakula kwa nani?

Bibi yako