Jino la Nyuma la Kidoti

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,
Hujambo huko? Sisi hatujambo. Baba yako hajambo, ila mgongo. Shangazi yako hajambo, anasema umemtupa. Jirani fundi cherehani hajambo, anakusalimu. Mwanao Kidoti hajambo, ila jino. La nyuma kabisa, chini kulia, limetoboka. Akila analia, akinywa maji analia. Ana miaka saba, hilo la utoto tu, litaota jingine. Nitampeleka likang'olewe. Wewe usiwe na wasiwasi, wasiwasi niachie mimi.
Mama yako

Tarehe 13 Machi

Mama, shikamoo. Mimi mzima, wasalimu wote.
Mama, msiling'oe! Nimemuuliza daktari wa kliniki hii ya meno ninapofanya usafi. Jino hilo huota nyuma ya mengine mtoto akifika miaka sita. Ni la ukubwani, likitoka halirudi. Linazibwa. Kuna dawa ya kuzibia inayotoa floraidi kidogo kidogo, inalilinda jino lisizidi kuoza. Mwambie daktari wa huko hivyo hivyo.
Mwanao

Tarehe 22 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Baba yako hajambo. Shangazi yako hajambo. Fundi hajambo.
Barua yako ilifika Ijumaa. Jino lilitoka Jumanne. Mimi ndiye niliyemshika mikono. Daktari aliniambia, "Bibi, hili linazibika." Nikasema toa, mtoto amelia vya kutosha. Akataka kueleza, nikamkatiza, "Nimelea wanne mimi." Akachoma ganzi.
Jana nilimrudisha Kidoti kwa daktari, barua yako mkononi. La kushoto nalo lilikuwa limeanza weusi. Akalisafisha, akaliziba kwa dawa hiyo hiyo ya floraidi. Hakunisuta. Afadhali angenisuta.
Kidoti anapiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Anatema povu, hasukutui kwa maji, ndivyo tulivyoagizwa. Nasimama mlangoni namtazama. Sijalia, mwanangu. Nimekuwa kama shavu lake siku ile ya ganzi, alikuwa akilifinya na kucheka kwamba si lake.
Jino lenyewe amelitia kwenye kiberiti. Kila akiamka ananiachamia mdomo. "Bibi, jipya limechomoza?" Namwambia bado. Leo tena nimesema bado.
Nijibu upesi, hata mstari mmoja, nijue nimwambieje. Hizo "bado" zimeniishia.
Mama yako