Sharti Nisilolitaja

Nyumba za Walimu,
Kamachumu, Muleba.
20 Novemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Anatory,

Waitu, ndugu yangu, hujambo huko Uswidi? Baridi imeanza kuuma? Naomba kifua chako kisirudie yale ya mwaka jana. Mimi mwili ni mzima, nafundisha, mvua inanyesha na senene, panzi wetu watamu, wameanza kuanguka.

Barua yako nimeisoma hadi imechakaa. Ulisema fumbo la kompyuta lenye masharti mengi lina tabia ya maji yanayopoa. Unaongeza sharti, jibu bado lipo. Unaongeza jingine, bado lipo. Kisha ghafla halipo, kama maji yanavyogeuka barafu. Na kwamba karibu na mpaka huo ndipo kompyuta huhangaika kuliko kote. Mwalimu wa hesabu wa Kamachumu alikuelewa, usicheke.

Nilikuelewa kwa sababu hapo ndipo tulipofika. Baada ya kumzika kaka yetu Karugendo na mkewe, kama nilivyokuarifu, ukoo ulikaa kwake Kimwani kugawana watoto wao watatu. Unakumbuka vikao vya mwanzo vya ugonjwa huu wa UKIMWI: kahawa ya kutafuna haijaisha mdomoni, kila mtoto ameshapata pa kukaa. Safari hii tulikaa kutwa. Watoto wasitenganishwe. Mrithi asiondoke kwenye kibanja cha migomba chenye makaburi ya wazazi wake. Shangazi Bernadeta wa Bukoba ana nafasi ya mmoja tu. Baba mdogo Nathanieli ana wake, na wa marehemu wengine juu. Tukitimiza sharti hili, lile linavunjika. Nyumba zimepungua, mdogo wangu, na zilizobaki zimejaa.

Ndipo nikakumbuka habari yako ya chuma: kwamba hupashwa moto hata kikiwa kimeshakuwa kigumu, kilegee, kisha kikipoa taratibu kinakaa vizuri zaidi, na kompyuta nayo mnaifundisha kuvuruga kidogo jibu lililokwisha kutulia, ipate lililo bora. Nikawaambia wazee tulegeze kitu kimoja tunachodhani hakiguswi. Kusema kweli nilikuwa namlenga Bernadeta na ile sebule yake isiyolala mtu.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Yeye hakuna aliyemhesabu. Tangu Baba afariki anaishi kwangu, na mzazi kwetu hahamishwi. Akasema, "Kisichohama ni kaburi. Mimi bado nina miguu. Niacheni hapa kwa Karugendo na wajukuu wangu."

Kila kitu kikakaa mahali pake. Watoto wako pamoja, mrithi yuko kwao, kibanja kinapaliliwa, na mshahara wangu unawafikia kwa basi. Wazee walinisifu kwa akili ya shule. Nikawashukuru.

Anatory, nyumba hii imekuwa kubwa. Jioni namenya ndizi za watu wawili, kisha ndipo nakumbuka. Senene niliwaokota jana, lakini aliyekuwa akiwanyonyoa mbawa, huku akinisema kwa uvivu wangu, ni Mama. Wamebaki kwenye ndoo.

Mama anakusalimu kutoka Kimwani, pia Nathanieli, na Bernadeta, ambaye hajui nilivyomuwazia. Mungu akutunze, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ukiwasimulia wenzako fumbo letu, waambie lilipata jibu, na kila sharti lililotajwa lilitimia. Langu sikulitaja. Lilikuwa moja tu: nisibaki peke yangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Ephrasia